Nataka nirudi Pemba nistaafu nusu, kodi ya nyumba na karafuu zitanitosha?

Assalaam alaykum dada yangu,

Mie ni mwanamme wa miaka 46, kwetu Wete, Pemba, lakini huku Unguja nshakaa miaka mingi nafanya kazi ya uhasibu kwenye hoteli moja pwani ya mashariki. Mke wangu na watoto wetu watatu wako Wete, wanakaa na mama yangu mzazi kwa vile marehemu baba alipotutoka mama hakuweza kubaki peke yake. Mie nakwenda nikipata ofu za kuunganisha, mara nyengine mwezi unapita na wa pili unapita, na msimu wa wageni ndo sitoki kabisa. Juzi nimefika nyumbani mwanangu mdogo wa kike kakimbilia kwa bibi yake kamwambia kuna mgeni. Wallahi usiku ule sikulala.

Sasa nina fikra, sio kwamba nataka kukaa kitako nisifanye kazi, nataka nistaafu nusu, yani nirudi nyumbani nifanye kazi siku chache na pesa nyengine iwe inaingia yenyewe. Mshahara wangu mkononi ni 1,200,000. Nina nyumba Fuoni huku Unguja ya pande mbili nimeijenga kidogo kidogo, kila upande 200,000 kwa mwezi, wapangaji wanalipa miezi sita sita. Lipo shamba la marehemu baba lina mikarafuu, msimu mkubwa uliopita tulipata kilo 400 kavu tukapeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, tukapata kama milioni 6, ukigawa kwa miezi 12 ni 500,000 kwa mwezi. Shamba hatujaligawa bado, tuko ndugu watano, wanaume watatu na wanawake wawili, na sote tunaelewana hakuna ugomvi. Meneja wangu nilipomdokeza kasema wanaweza kunibakisha niwe nakuja wiki moja kila mwezi kufunga hesabu kwa 350,000. Na kuna tajiri wa duka la vifaa vya ujenzi Chake kanambia nimshughulikie mahesabu yake na mambo ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, atanipa 250,000. Ukijumlisha yote ni 1,500,000, inapita mshahara, na matumizi ya nyumbani Wete na skuli za watoto na dawa za mama haizidi 750,000.

Benki nina akiba ya milioni 22. Rafiki yangu wa bara ananambia ninunue hatifungani za serikali za miaka 25 nile faida mpaka uzeeni, lakini sheikh wetu msikitini anasema ile ni riba. Jirani wa Fuoni anasema niwatoe wapangaji niifanye nyumba ya wageni kwenye Airbnb. Kaka yangu mkubwa anasema niache kazi sasa hivi nije nisimamie shamba, shamba linataka macho ya mwenyewe. Mke wangu anaogopa, anasema mshahara ndo unaotusitiri. Yeye anashona kofia, anapata kidogo, ile sikuihesabu.

Nishauri dada yangu, niache mwezi ujao au nisubiri mpaka 55?

Mpemba wa Fuoni

JIBU

Waalaykum salaam kaka yangu. Fikra yako ni nzuri na mie niko na wewe, nasema hivi mwanzo kabisa usije ukasoma huko chini ukadhani nakuvunja moyo. Mtoto kumwita baba yake mgeni si jambo dogo, na kusubiri miaka tisa mpaka ufike 55 huyo binti atakuwa keshakuwa mkubwa. Kwa hiyo jibu langu si usubiri 55. Lakini mwezi ujao pia hapana, kwa sababu ile 1,500,000 uliyonipigia haipo, na nataka tuipige upya pamoja uone ipi ipo na ipi haipo.

Tuanze na karafuu maana hapo ndo hesabu yote ilipopotea. Kaka yangu, lile shamba si lako. Ni la mama yako na nyinyi watano. Unasema hamjagawa na mnaelewana, alhamdulillah, lakini mtu hawezi kupanga maisha ya watoto wake kwa mali ambayo hajui fungu lake ni lipi. Kwa mirathi yetu, kama wazee wa marehemu hawapo, mama yako anapata thumni, yani moja ya nane, kinachobaki mnagawana watoto, mwanamme mafungu mawili mwanamke moja. Chukua shamba zima liwe mafungu 64: mama ana 8, kila mwanamme ana 14, kila dada yako ana 7. Yani wewe una 14 katika 64, hata robo haifiki, na kwenye barua yako umejihesabia zote.

Halafu ile milioni 6 ni ya pale kituoni ZSTC, si ya mfukoni. Wewe mwenyewe Mpemba unajua, kuna wachumaji mnawalipa kwa pishi, kuna kuchambua, kuna majamvi na kuanika na mvua ikija muanue muanike tena, kuna magunia na gari, na kabla ya yote hayo kuna palilia maana shamba likiwa pori hakuna atakaekwea mkarafuu. Nikisema gharama zile zinakula milioni 2 na laki 2 sidhani kama nimezidisha. Imebaki milioni 3 na laki 8. Fungu lako la 14 kwa 64 hapo ni kama 830,000, ukigawa miezi 12 unapata kama elfu 69 kwa mwezi. Na huo ni msimu mkubwa! Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, unakupa mwaka mmoja mpaka matawi yanainama na mwaka wa pili unapumzika, mwengine unapata za kutia kwenye chai tu. Kwa hiyo kwenye hesabu ya kila mwezi mie naandika karafuu sifuri. Ikija, itie kwenye bati la nyumba au ada ya skuli au uinunulie miche mipya, lakini mchele wa nyumbani usiutegemeze huko.

Na dada zako wawili, wameulizwa? Hili linaniuma na nalisema wazi, hii "tunaelewana" mara nyingi maana yake ni kwamba kina dada wamenyamaza. Wanaletewa kanga na kibahasha cha pesa msimu ukiisha na wanashukuru, na fungu lao lipo ndani ya Qur-an limeandikwa. Nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ndo kazi yao kugawa mirathi ya Waislamu, Pemba pia wapo, mkagawiwe ikaandikwa kila mtu na chake. Mkishagawa mnaweza kabisa kuliacha shamba pamoja mkalisimamia kwa ushirika, na wewe ukiwa ndo msimamizi muelewane ujira wako wa kusimamia kabla ya msimu sio baada. Hapo kaka yako nakubaliana nae kwamba shamba linataka macho, ila macho yana bei yake, na yeye alieko huko siku zote mbona hayatumii yake?

Na ukiwa huko panda. Mkarafuu mchanga unachukua miaka sita, saba au zaidi ndo uanze kuzaa, kwa hiyo ukipanda mwaka huu utauchuma ukiwa unakaribia ile 55 yenyewe. Chini yake weka migomba na muhogo, hiyo haikuletei pesa nyingi lakini inapunguza pesa ya kwenda sokoni na kwa mtu anaeishi na kipato kidogo kupunguza matumizi ni sawa na kuongezwa mshahara. Na yeyote atakaekuja na maneno ya bei nzuri ng'ambo kwa ngarawa za usiku, mwambie karafuu zako zinakwenda ZSTC tu, magendo yanakufilisi siku moja.

Nyumba ya Fuoni ndo mali yako ya kweli, hongera. Ila 400,000 kila mwezi miezi 12 mfululizo haipo. Mpangaji anahama, upande unakaa mtupu mwezi au miwili unatafuta mwengine, karo linajaa, bati linavuja, pampu inakufa. Mwaka ni milioni 4 na laki 8, toa laki 4 za upande mmoja kukaa mtupu miezi miwili, toa laki 5 za matengenezo, unabaki na milioni 3 na laki 9 ambayo ni 325,000 kwa mwezi. Na kwa vile wanalipa miezi sita sita, pesa inakuja kwa fungu kubwa na hapo ndo watu wengi wanapoanguka, ikiingia milioni 1 na laki 2 kwa upande mmoja nyumba nzima inaijua, harusi ya binamu inaijua, na mwezi wa nne hakuna kitu. Fungua akaunti ya pembeni ya kodi tu, na kutoka huko jilipe wewe mwenyewe 325,000 kila tarehe mosi kama mshahara, isizidi. Utahitaji pia mtu Unguja wa kukusanya na kusimamia, umlipe kidogo, usimwachie jirani kwa hisani. Na huyo jirani wa Airbnb muache na fikra zake, mgeni anaekuja Zanzibar anataka Mji Mkongwe au anataka bahari, hakuja kulala Fuoni, na biashara hiyo ina leseni zake za Kamisheni ya Utalii na ina masika yake ambayo wewe mtu wa hoteli huhitaji kusimuliwa.

Sasa milioni 22. Hatifungani, yani kuikopesha serikali kupitia Benki Kuu, zipo, unaanza na milioni moja, faida inalipwa mara mbili kwa mwaka, na zipo za miaka 2 mpaka 25. Lakini wewe una 46, ya miaka 25 unakuja kuishika pesa yako una 71, na ukitaka kuitoa kabla lazima umpate wa kumuuzia na bei inaweza ikashuka. Na zaidi ya yote sheikh wako kashakwambia, na wewe mwenyewe naona moyo wako haujatulia, basi usichume pesa itakayokutia wasiwasi kila unaposujudu. Mie si mufti lakini nnalojua ni kwamba sasa hivi mtu hana tena dharura ya kusema "sikuwa na njia nyengine". Serikali yetu ya Mapinduzi ilitoa Sukuk mwaka 2025, kwa shilingi na kwa dola, na pale unashirikiana kwenye faida ya mali yenyewe, hukopeshi pesa kwa riba. Benki ya PBZ wana Ikhlas, dirisha lao la Kiislamu, na benki nyengine kadhaa zina madirisha ya Kiislamu. Nenda Ikhlas ukae nao, uliza sukuk ipi iko sokoni sasa au inauzwa na mtu mkononi, uliza pesa inafungwa muda gani na faida inalipwa lini, na wakuandikie.

Tuseme umeweka milioni 15 na inakupa 10 kwa 100 kwa mwaka, hii nakadiria tu tupate kupiga hesabu, hiyo ni milioni 1 na nusu kwa mwaka, 125,000 kwa mwezi. Milioni 4 na nusu iache akaunti ya kawaida usiiguse, hiyo ni miezi sita ya matumizi yako ya 750,000, ndo itakayokufanya usiuze kitu chochote kwa haraka mama akiumwa au mpangaji akihama. Inabaki milioni 2 na nusu ya mambo nitakayokutajia.

Kumbuka lakini faida ya aina hii haikui. 125,000 ya leo itakuwa 125,000 miaka mitano ijayo na mchele hautakuwa bei ya leo. Kodi ya nyumba utaweza kuipandisha, hii hapana.

Haya jumlisha na mie. Nyumba 325,000, sukuk 125,000, ni 450,000. Unahitaji 750,000. Kwa hiyo hizo pesa za kuingia zenyewe hazikutoshi, zinakufikisha zaidi ya nusu ya njia kidogo, na kinachokuvusha ni ile kazi ya siku chache. Na hiyo kwenye barua yako umeitaja kwa mistari miwili tu! Nyumba umeieleza, shamba umelieleza, na kitu kinachobeba mpango wote ni maneno ya meneja uliyemdokeza na tajiri aliyekwambia.

Meneja wa hoteli anabadilishwa wewe ukiwa kwenye boti. Mwaka 2020 hoteli zilifunga kwa korona na watu wenye mikataba walirudishwa nyumbani, seuze mtu wa wiki moja kwa mwezi. Kwa hiyo 350,000 ile nataka iwe kwenye karatasi, imesainiwa na mwenye hoteli au ofisi kuu, imeandikwa wiki gani ya mwezi, unalala wapi na unakula wapi, notisi ya miezi mingapi kila upande. Na nauli je? Boti kwenda na kurudi, daladala, soda na chakula cha njiani, weka laki moja ikatoke, imebaki 250,000. Waombe pia kama nusu ya kazi unaweza kuifanya kwa kompyuta ukiwa Wete ili iwe siku nne badala ya wiki.

Huyu wa Chake nampenda zaidi kwa ajili yako. Siku hizi wenye maduka wamebanwa na risiti za VFMS, ule mfumo wa risiti za elektroniki wa ZRA, na ritani za kila mwezi, na wengi wao ni wafanyabiashara wazuri sana lakini kompyuta na makaratasi ya ZRA yanawatoa jasho. Mhasibu wa miaka mingi anaekaa Pemba na anaaminika ana kazi Wete, ana kazi Konde, ana kazi Mkoani. Ukipata wawili watatu wa namna hii kwa mikataba, hoteli hata ikikuacha hupati mtihani mkubwa. Jambo moja tu, muandikiane kwamba wewe unatayarisha hesabu kwa risiti anazokupa yeye na kodi analipa yeye, usije ukabebeshwa deni la mtu.

Kwa hiyo ukipata wote wawili: 450,000 na 250,000 na 250,000, ni 950,000. Inabaki laki mbili juu ya matumizi. Ukimkosa wa Chake uko 700,000, umepungukiwa. Ndo maana nasema mwezi ujao hapana, na ndo maana nasema mpango wako unawezekana kabisa.

Ile laki mbili ina wenyewe. Ukiacha ajira ya kudumu, michango ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inaathirika, na pensheni huipati una 46, kustaafu kwa hiari ni 55 na lazima ni 60. Nenda leo ukachukue taarifa ya michango yako uone mwajiri kapeleka yote au kuna mapengo, maana pengo ni rahisi kulidai ungali kazini kuliko ukishaondoka. Kisha waombe hoteli waendelee kukukatia kwenye hiyo kazi ya pati taimu, na wakikataa ingia ule mpango wa ZSSF wa hiari uchangie mwenyewe. La pili ni matibabu, maana kadi ya ZHSF, mfuko wa huduma za afya, unayotumia sasa inakwenda kwa mchango wako na wa mwajiri, uliza mapema ukitoka utabaki vipi, una watoto watatu na mama anaemeza dawa. Ile milioni 2 na nusu tuliyobakisha kazi yake ni hizo, pamoja na laptop nzuri.

Kabla ya kuacha ijaribu. Nyinyi wa hoteli mna bahati ya kitu kimoja, masika. Mwezi wa nne na wa tano wageni wanapungua, hoteli nyengine zinafunga kabisa kwa matengenezo, na meneja anafurahi akipata wa kumpa likizo bila malipo. Iombe miezi hiyo miwili. Nenda Wete ukae, muishi kwa pesa za mpango mpya tu, anza na huyo wa Chake, na akiba usiiguse. Utajua kama 750,000 ni kweli ukiwepo na wewe, kwa sababu kwa uzoefu baba akirudi nyumbani matumizi yanapanda, kuna wageni wako, kuna jamaa watakaojua kwamba bwana wa hoteli yuko mjini, na ukitoa laki hapa na elfu 50 pale umemaliza kila kitu. Miezi hiyo miwili itakuonesha pia unakaa vipi na mke wako kila siku, maana na yeye kazoea kuendesha nyumba bila wewe na utahitaji kumuuliza mambo mengi kabla ya kuamrisha.

Mkeo simlaumu kwa kuogopa, yeye alisikia "naacha kazi" na hakuoneshwa karatasi. Kaa nae uzipige hizi hesabu mbele yake, zile mbaya kwanza. Na umefanya vizuri sana kutoihesabu pesa ya kofia. Ile ni yake, matumizi ya nyumba yako juu yako wewe, akitaka kusaidia ni ihsani yake.

Barua ya likizo ya masika ipeleke kabla mwezi wa pili haujaisha, kwa sababu mwezi wa tatu hoteli nyingi zinakuwa zishapanga nani anabaki na nani anatoka, na kwenye barua hiyo hiyo mkumbushe meneja ile wiki moja kwa mwezi na 350,000 aliyoitaja ili akujibu kwa maandishi. Na wiki hii wapigie simu dada zako wawili kuhusu shamba, kabla hujampigia kaka yako.